Ndege ya Yusufu

Kazi ya kufungua kikomo cha droni ya Danieli ilinichukua dakika kumi na mbili, na nilijisifu nusu saa nzima. Nasema hivyo mapema maana watu wanapenda kudhani kwamba mabaya huanza kwa nia mbaya. Yangu yalianza kwa majigambo, vidole vikiwa bado na mafuta ya maandazi, ndani ya kibanda changu cha kutengeneza simu karibu na stendi ya Lushoto.

Naitwa Anord. Ukipasua kioo cha simu unaletwa kwangu. Ukisahau neno la siri unaletwa kwangu pia, na nikikufungulia unaniita profesa. Miaka tisa ya kuitwa profesa na watu wasiojua hata betri inaingia upande gani inatosha kumharibu mtu yeyote.

Danieli ni mwalimu wa jiografia sekondari, na ni rafiki yangu tangu darasa la kwanza. Droni alitumiwa na shemeji yake aliyeko ughaibuni. Ni ndogo, ukiikunja inaingia kwenye mfuko wa koti. Kiwandani ilifungwa isipande zaidi ya mita mia na ishirini, na mtu wa nchi tambarare hawezi kuelewa jinsi hilo linavyokera. Mashine ile inahesabu kimo kuanzia pale iliporukia. Haijui mlima. Ukiirushia ukingoni mwa jabali, inapita juu ya bonde la kutisha huku ikidhani iko chini tu. Ukiirushia bondeni inapanda mpaka kiunoni mwa mlima, inagoma, inaning'inia hapo, na kilele unakiona kwa macho yako lakini hukifikii.

Tulikuwa na kundi letu la wasap, watu kumi na wanne kutoka Mlalo mpaka Bumbuli, wote tunaumwa ugonjwa mmoja. Hatukuwa na kazi maalumu ya droni, tulipenda tu kuiona nchi yetu kutoka juu. Mwezi wa sita mmoja wa Bumbuli akatuma picha ya mashamba ya chai na chini yake akaandika: mita mia tatu. Danieli alikuja kibandani asubuhi yake akiwa amenuna kama mtu aliyedhulumiwa urithi.

"Yule anajua nini kuliko wewe?" akaniuliza.

Alijua pa kunigusa. Nikaichukua.

Ndani ya kundi kulikuwa na mtu mmoja ambaye hatukumwambia, naye ni Yusufu. Huyu ndiye aliyekuwa wa kwanza kurusha droni huku kwetu. Ni mpiga picha, mtoto wa Mzee Nassoro wa bonde la pili. Alikwenda Dar es Salaam mara tatu kufuatilia kibali. Droni yake ilikuwa na kibandiko cha namba. Kabla ya kurusha katika kijiji chochote alipeleka barua kwa mtendaji na kusubiri mhuri, hata kama mtendaji amekwenda msibani na atarudi keshokutwa. Alikuwa na daftari anaandika siku, saa, mahali na upepo ulivyo. Sisi tulimpa jina la Mamlaka. Akituma ujumbe kwenye kundi, mtu anajibu, "Mheshimiwa Mamlaka, tunaomba ruhusa ya kupumua." Naye anacheka na sisi, bila kinyongo.

Kwa sababu alikuwa wa kwanza, na kwa sababu kila ofisi ya kijiji ilikuwa na barua yake, huko vijijini kila droni iliitwa ndege ya Yusufu. Hata ya mtalii ikipita, watoto wanaikimbilia wakipiga kelele, "Ndege ya Yusufu!" Jambo hilo lilituchekesha sana.

Niliwahi kumuuliza kama na yeye anataka nimfungulie ya kwake. Akatikisa kichwa.

"Siku ikianguka kichwani kwa mtu nitamwambia nini, Anord? Kwamba nilitaka kuona mbali?"

"Utamwambia pole," nikasema, na wote waliokuwa kibandani wakaangua kicheko.

Basi siku ile nilipata programu kwenye mtandao, imetengenezwa na watu wasiojitaja majina. Maelezo yake yalikuwa marefu. Chini kabisa, kwa maandishi madogo, palikuwa na mstari unaosema kwamba kikomo kikiondolewa, mashine haitarudi tena yenyewe ilikotoka pale chaji inapopungua. Itatua tu, popote itakapokuwa. Niliusoma mstari huo. Narudia, niliusoma. Nikasema moyoni kwamba Danieli ana macho, ataiangalia chaji. Sikumwambia. Ningemwambia angeanza maswali, na mimi nilitaka kumrudishia droni yake nikiwa profesa.

Tuliirusha Jumamosi moja ya mwezi wa saba, saa tisa alasiri, tukiwa bondeni kando ya mto. Ilikuwa ile baridi yetu ya kipupwe, ukungu umekaa mabegani mwa milima na pumzi inaonekana mdomoni. Juu yetu, upande wa pili wa mgongo wa mlima, kilikuwepo kijiji cha Kwemivumo, ambacho kutoka pale chini hukioni. Danieli alishika rimoti. Mimi nilisoma namba kwa sauti.

Mia na ishirini ikapita kama vile haikuwahi kuwepo. Danieli akapiga mluzi. Mia mbili. Mia tatu, tukamzika mtu wa Bumbuli. Mia nne na thelathini, na kioo cha simu kikajaa nchi: ukungu umelala bondeni, mgongo wa mlima umechomoza juu yake, na mashamba ya Kwemivumo yakishuka kwa matuta ya ngazi, karoti, kabichi, maharage. Ilikuwa nzuri. Mpaka leo siwezi kusema uongo kwamba haikuwa nzuri. Danieli akapiga picha, akaituma kwenye kundi palepale, akaandika namba tu bila neno jingine. Simu zetu zikaanza kulia kwa pongezi. Tukaziinamia kuzisoma, wote wawili, mashine iko angani.

Nilipoinua macho chaji ilikuwa imebaki kidogo mno. Baridi ya juu huinyonya betri upesi, na hilo nililijua pia. Danieli akavuta vishikizo kuirudisha, lakini upepo ulikuwa umeisukuma ng'ambo ya mgongo wa mlima, na mlima ukakata mawasiliano. Kioo kikawa cheusi.

"Itarudi yenyewe," akasema. "Si inarudi yenyewe?"

"Inarudi," nikasema.

Tulikaa kwenye jiwe tukiisubiri karibu saa nzima. Kisha tukaenda zetu nyumbani, Danieli akilalamika kuhusu betri za siku hizi.

Habari ilishuka kabla ya magharibi. Mwanaisha, mama mmoja wa Kwemivumo, mjane, alikuwa kwenye tuta lake la chini anang'oa karoti. Alisikia mlio juu yake. Akainua uso kuangalia, kama mtu yeyote angefanya, na panga zinazozunguka za ile mashine zikampata usoni. Akaanguka kutoka tuta hilo mpaka la chini yake. Mkono ulivunjika, huo ukafungwa. Jicho la kulia daktari alisema haliokoleki.

Na habari yenyewe ilivyoshuka ilikuwa hivi: mama Mwanaisha kapigwa na ndege ya Yusufu.

Nilimpigia Danieli. Alikuwa ameshaifuta picha kwenye kundi, kwa wote. "Tulia kwanza," akaniambia. "Tusikurupuke." Kundi zima lilikuwa limetulia pia. Watu kumi na wanne waliiona ile picha na namba yake, na watu kumi na wawili, ukimtoa Danieli na ukimtoa Yusufu, hawakuuliza lolote. Mmoja aliandika, "Pole kwa mama yule." Asubuhi yake mwingine akauliza wapi zinauzwa panga za akiba, na mazungumzo yakaendelea. Mmoja wa hao kumi na wawili ni mimi.

Jumatatu mtendaji wa kijiji cha Kwemivumo, Bi Tatu, akanipigia simu. Nilidhani mambo yamejulikana. Kumbe aliniita kama mtaalamu.

"Fundi, tuna mabaki ya ile mashine hapa, na sisi ni wajinga wa vitu hivi. Njoo utusaidie kuangalia ni ya nani. Kesho tuna kikao."

Nikapanda. Kikao kilikuwa mbele ya ofisi ya kijiji, watu wamekaa kwenye mabenchi yaliyoletwa kutoka shuleni. Yusufu alikuwa mbele, amevaa koti lake la Ijumaa, daftari mapajani, na droni yake nzima, na kibandiko chake, iko mezani. Kando yake kwenye gunia kulikuwa na mabaki ya ile nyingine. Nilipoinama kuyaangalia, nikaona panga moja ina unywele mrefu mweusi umejisokota. Nilijifanya nafuta vumbi, nikautoa.

Mashine ile ina kadi ndogo ya kumbukumbu, kubwa kuliko ukucha kidogo tu. Ndani ya kadi hiyo kulikuwa na video ya safari yote, na mwanzoni mwake, kabla haijapaa, sura mbili zimeinama kuiangalia: ya Danieli na yangu. Niliichomoa kwa ukucha mbele ya watu zaidi ya sitini na kuiacha iteleze kwenye mkono wa koti. Mikono yangu imezoea vitu vidogo.

"Nafasi ya kadi iko tupu," nikasema.

Yusufu akanyanyuka. Hakufoka. Alisema mashine yake ndiyo hiyo mezani, nzima. Akaonyesha daftari, kwamba Jumamosi hakurusha. Mzee mmoja, kaka wa Mwanaisha, akamwambia kwamba daftari ameliandika mwenyewe, angeweza kuandika lolote. Kwamba mwenye ndege moja anaweza kuwa na ya pili. Kwamba hii haina kibandiko kwa sababu amekibandua.

"Hii ni ya Mwalimu Danieli," Yusufu akasema. "Alituma picha kwenye kundi saa ileile."

"Tuonyeshe hiyo picha," akasema Bi Tatu.

"Imefutwa."

Watu wakaguna. Yusufu akanigeukia.

"Anord anaijua. Ameitengeneza kwa mikono yake. Anord, waambie."

Walinigeukia wote. Nilikuwa nimeushika ule mguu wa mashine ambao mimi mwenyewe niliuunga kwa gundi mwezi wa nne. Nikaugeuza huku na huku kama mtu anayefikiri sana.

"Hizi mashine zinafanana," nikasema. "Zinatoka kiwanda kimoja. Siwezi kuapa ni ya nani."

Yusufu alikaa chini. Hakuniangalia tena siku ile. Nilipoondoka Bi Tatu alinishukuru kwa kuacha kazi zangu, akanipa karoti za kupeleka nyumbani, fungu zima, na nilizipokea.

Jioni nilikwenda kwa Danieli tukazozana nyuma ya nyumba yake. Alisema mimi ndiye niliyefungua kikomo. Nikasema yeye ndiye aliyeshika rimoti. Akasema angeshika rimoti mpaka Yesu arudi, bila mimi isingevuka mita mia na ishirini, isingeweza hata kuiona Kwemivumo. Nikasema aliyeniletea ni nani? Akasema wewe ungekataa. Tulitupiana mpira mpaka tukachoka. Kisha akaniuliza lile nililokuwa naliogopa.

"Lakini mbona haikurudi yenyewe, Anord? Ya kwangu siku zote inarudi."

"Baridi," nikasema.

Danieli akaanza kusambaza kwamba droni yake aliiuza Tanga mwezi wa sita. Nami nikaiweka ile kadi chini ya koleo kibandani, nikaiminya mpaka ikapasuka vipande vitatu, nikavitupa chooni.

Polisi hawakuitwa, na sababu yake ni ya kwetu kabisa. Mdogo wake Yusufu, Hidaya, ameolewa na Shabani, mtoto wa huyo huyo Mwanaisha. Hawa ni wakwe. Wazee walisema mtu hampeleki mkwewe polisi, jambo hili litamalizwa nyumbani kwa kuombana radhi. Wote wakaona ni busara. Lakini ili radhi iombwe lazima awepo wa kuiomba, na Yusufu alisema hakukosa. Siku zikapita bila mtu kutoka upande wao kupanda mlima. Ndipo Shabani akamwambia mkewe arudi kwao mpaka watu wake watakapojua adabu. Hidaya akashuka na mtoto mgongoni, mwaka wa nne wa ndoa yake.

Hayo alinieleza Yusufu mwenyewe. Alikuja kibandani Jumatano moja saa nne asubuhi, akasubiri wateja waishe, akasimama upande wa nje wa meza.

"Baba kaniambia niende nikaombe radhi. Nikamwambia, baba, si mimi. Akasema, najua si wewe, nenda."

Nilikuwa na bisibisi mkononi. Niliendelea kuishika.

"Naenda kesho, na baba na mjomba. Nimekuja kukwambia kwa mdomo wangu, usije ukasema hukujua."

"Yusufu, ngoja nizungumze na Danieli..."

"Una leo nzima," akasema, na akaondoka.

Nilikuwa na leo nzima na niliitumia kugawa lawama. Danieli fungu moja. Walioiandika ile programu, fungu. Shemeji wa ughaibuni, kundi la wasap, upepo, baridi, hata Mwanaisha mwenyewe nilimtafutia chake, kwa nini aliinua uso? Kila nikigawa fungu langu lilipungua, mpaka jioni lilikuwa dogo kiasi cha kutoshea mfukoni na mtu asione. Ule mstari wa maandishi madogo sikuuweka kwenye hesabu. Alhamisi asubuhi Yusufu alipanda mlima, akapiga magoti mbele ya mama wa watu, akasema nimekosa nisamehe. Mimi nilikuwa nabadilisha kioo cha simu ya mwenye duka la mbegu.

Mwanaisha akamsamehe, Hidaya akarudi kwa mumewe, na watu wakasema yamekwisha. Yusufu hakurusha tena. Akipita njiani watu waliinua macho angani kwa utani, wakijikinga vichwa kwa mikono. Kwenye kundi hatukumfukuza. Alijitoa mwenyewe, na hakuna aliyeandika lolote.

Na mimi ningeendelea hivyo. Mimi ni mtu wa kuendelea, najijua. Lakini wiki ya tatu ya mwezi wa tisa alisimama mbele ya meza yangu mama aliyejifunga kanga kichwani mpaka usawa wa jicho la kulia, na mkononi ana simu ya vitufe.

"Shikamoo, mama," nikasema kabla ya kumtambua.

"Marahaba, mwanangu. Nimeelekezwa kwako. Nataka maandishi yawe makubwa. Jicho lililobaki linachoka upesi."

Niliyakuza mpaka pale simu ilipoishia. Ilichukua muda mfupi sana. Nikamrudishia, akaisogeza karibu na uso, akaisogeza mbali, akatabasamu. Akafungua pindo la kanga atoe hela, nikakataa. Ndipo akaniangalia vizuri.

"Wewe si ndiye fundi uliyekuja kwenye kikao? Uliacha kazi yako ukaja kutusaidia. Mungu akuzidishie."

Sikuweza kusema amina. Aliondoka taratibu, akigeuza kichwa chote kila alipotaka kuangalia upande wa kulia, na mimi nikafunga kibanda saa tano mchana, jambo ambalo sijawahi kulifanya hata siku ya msiba wa baba. Kesho yake nikapanda Kwemivumo.

Nilimkuta barazani anachambua maharage kwenye ungo. Hidaya alikuwa uani, pembeni, anaanika nguo. Aliponiona aliitikia salamu kwa sauti ndogo na kurudi kwenye kamba yake. Mwanaisha akafurahi kweli. Akanisalimu kwa Kishambaa, akanivutia kigoda, akasema leo profesa kaja kutazama kama maandishi bado ni makubwa. Nilikataa kukaa. Nilijua nikikaa nitaletewa chai, na nikiinywa ile chai sitasema.

Nikasema. Nilisema nikiwa nimesimama, nikiangalia ungo. Kwamba ndege ilikuwa ya Danieli. Kwamba mimi ndiye niliyeifungua ipande pasipotakiwa. Kwamba nilisoma kuwa haitarudi yenyewe na nikanyamaza. Kwamba nilichukua kadi mbele ya macho yao na kuivunja. Na kwamba Yusufu hakuhusika hata kidogo.

Mikono yake iliendelea kuchambua kwa muda, kisha ikaacha.

"Yusufu anajua haya?"

"Anajua."

"Siku alipopiga magoti hapa, alijua ni wewe?"

"Alijua."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Kibandani, mama."

Nikapiga magoti, maana niliona ndilo linalofuata. Nikaanza yale maneno ya kuomba radhi, ambayo nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Akaniinulia mkono ninyamaze. Hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameligeuza lile jicho moja kuelekea uani.

"Hidaya," akaita. "Njoo, mama."

Hidaya akaja akiwa na nguo mbichi begani.

"Rudia," Mwanaisha akaniambia. "Yote."

Nikarudia. Mara ya pili ilikuwa fupi, na ilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu Hidaya hakushtuka. Alisimama akisikiliza kitu ambacho alikuwa anakijua siku zote. Maji ya ile nguo yalikuwa yanamdondokea miguuni.

"Huyu aliniambia," Mwanaisha akasema. "Siku ya kwanza kabisa aliniambia, mama, si kaka. Nikampiga kofi. Nilikuwa na bandeji usoni na mkono mmoja umefungwa, nikatumia huo mzima. Nilisusa chakula chake. Nikakaa kimya mwanangu alipomfukuza, mvua inanyesha, mtoto mgongoni. Tangu amerudi ananikanda huu mkono asubuhi na jioni, na mimi najiona mwema kwa sababu nimewasamehe."

"Mama, ni makosa yangu..."

"Nyamaza. Jicho nilishalisamehe. Nilimsamehe mtu asiyenikosea, basi msamaha huo uchukue, uwe wako. Mimi nilikuwa nimekosewa tu. Nilikuwa sina deni na mtu hapa ndani. Sasa wewe umenifanya mkosaji ndani ya nyumba yangu, kwa mtoto wa watu. Hilo sikusamehe."

Nikamwambia nitakwenda kwa Bi Tatu leo hii, nitasema mbele ya kijiji.

"Nenda," akasema. "Ni haki ya Yusufu. Lakini usirudi hapa kuniambia kwamba umekwenda."

Hidaya akageuka, akarudi uani kwenye kamba. Mwanaisha akauweka ungo chini, akanyanyuka kwa kujishika ukuta kwa ule mkono uliounga vibaya, akamfuata. Akasimama nyuma yake hatua mbili hivi. Nilimsikia akimwita kwa jina, mara moja, kisha tena kwa sauti ya chini zaidi. Hidaya alikunjua shuka, akaikung'uta, akaitandaza kwenye kamba na kuinyoosha pindo, hakugeuka.

Kwetu mgeni hatoki peke yake. Hata uliyegombana naye unamsindikiza, hatua chache tu, mpaka mwisho wa uzio. Nilisimama pale uwanjani nikingoja, kwa mazoea. Kisha nikaelewa, nikatoka.